Nyuzi Sita, Freti Hakuna

Jamani, nyuzi sita na hakuna freti hata moja! Ukilipakata gitaa hili la besi kwa mara ya kwanza unajiuliza kama aliyelibuni alitaka kumsaidia mpiga besi au kumkomoa. Shingo pana, ubao mtupu, mkono wa kushoto hauna pa kujishikiza. Kisha unagusa uzi wa C, ule mwembamba kuliko wote, unatelezesha kidole kutoka noti moja kwenda nyingine, na noti ya kwanza inaingia ndani ya ya pili bila kuonekana zilipoungana. Hapo hapo unaacha kuuliza maswali.

Gitaa lenyewe ni Ibanez SRF706, la ukoo wa Portamento. Ni mali ya rafiki yangu mmoja, na kwa upole wake, au kwa kutojua tabia zangu na vyombo vya watu, ameniachia nilicheze. Kwa hiyo chukua haya kama maneno ya mtu ambaye moyo bado unamdunda. Uamuzi wa mwenye busara utakuja baadaye, ukija.

Nianze na kilichonishika kwanza. Hili lina mifumo miwili ya kunasa sauti. Kuna pikapu za sumaku za Bartolini, zenye ule mngurumo mzito tuliouzoea kwenye magitaa ya besi. Halafu ndani ya daraja kuna pikapu za piezo ambazo Ibanez wanaziita AeroSilk. Hizi hazisikilizi waya, zinasikiliza mtetemo wenyewe unavyopita darajani, na sauti yake inakaribia ile ya besi kubwa la kusimama: mbao, pumzi, kidole kikigonga uzi. Unazichanganya utakavyo. Piezo peke yake inafaa kwa wimbo wa polepole, mwimbaji mmoja na kinanda. Sumaku peke yake inafaa drams zikiwa zimechachamaa. Changanya zote, piezo ikiwa chini kidogo, na utapata kitu ambacho sijui nikiite nini. Nilikaa nacho mpaka jirani akagonga ukuta.

Ukisikia mtu anasifu besi lisilo na freti, anachosifu mara nyingi ni ule mlio wa "mwaa" unaochanua baada ya noti kupigwa. Siri yake si muujiza. Kwenye gitaa la kawaida uzi unakatwa na chuma cha freti. Hapa unakatwa na nyama ya kidole juu ya mbao, na unapotetemeka unaubusubusu ubao mbele kidogo ya kidole. Nyuzi zikikaa chini karibu na ubao, na shingo ikiwa imenyooka vizuri, mlio unachanua. Zikikaa juu, unapata gitaa zito tu ambalo ni gumu kulipiga. Hili lilikuja likiwa limerekebishwa vizuri sana, na uzi wa G unachanua hadi raha.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Wengi wanadhani nyuzi za ziada ni za kujionyesha, za watu wa solo wasiotaka kukaa chini na drams. Kwenye gitaa lenye freti hoja hiyo ina uzito wake. Kwenye lisilo na freti, nyuzi za ziada ni bima. Uzi wa besi la kawaida una urefu wa inchi 34, yaani milimita 864. Nusu toni ya kwanza, karibu na kichwa, inachukua kama milimita 48. Ukifika oktava, katikati ya uzi, nusu toni hiyohiyo imebanwa hadi milimita 24. Kidole kikikosea milimita moja kule kichwani, noti imepotoka kidogo na pengine hakuna atakayegundua. Kikikosea milimita ileile kwenye oktava, upotofu ni maradufu, na hapo hata mama wa kwaya aliyekaa nyuma kabisa anageuza shingo.

Mwenye nyuzi nne akitaka kwenda juu hana njia ila kupanda shingo, kuelekea kule kule ambako nafasi zimebanana. Tena anaruka, na kila mruko bila freti ni kamari. Mwenye sita anatulia. Weka mkono kuanzia nafasi ya tano, kila kidole na nusu toni yake: nyuzi nne zinakupa noti 16, nyuzi sita zinakupa 24, zilizotandaa oktava mbili na ushee, bila mkono kuhama. Noti ambayo kwenye uzi wa G ungeifuata nafasi ya 13, kwenye uzi wa C inakusubiri nafasi ya 8. Sikio linazoea eneo moja, mkono unazoea eneo moja, na vyote viwili vinaanza kuaminiana. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya: kama unataka kuimba kwa besi lisilo na freti, uzi wa C wa juu una faida kubwa kwako kuliko uzi wa B wa chini.

Na huo uzi wa B? Ni mtamu, lakini una masharti. Mtetemo wake ni kama hezi 31, wakati E ya chini ya besi la nyuzi nne ni hezi 41. Spika nyingi zinazokodishwa kwa harusi hazijui hezi 31 ni kitu gani; zinachokutolea ni oktava ya juu yake na vumbi. Tena kwa urefu wa inchi 34 uzi wa B wa gitaa lolote huwa na ulegevu fulani, ndiyo maana watengenezaji wengine hurefusha hadi inchi 35. Na uzi wenye ulegevu ukiupiga kwa nguvu, sauti inapanda. Upige kwa mkono mwepesi. Nilipoupiga kwa hasira ya sebene ukanikatalia; nilipoupapasa ukaunguruma mpaka bilauri ikahama mezani.

Chombo hiki kina ukoo wa kuheshimika. Mwaka 1961 Bill Wyman, kabla hajaingia Rolling Stones, aling'oa freti za gitaa lake la bei rahisi. Ampeg wakatoa la kiwandani mwaka 1966, Fender wakafuata mwaka 1970. Halafu akaja Jaco Pastorius. Fender Jazz yake ya 1962 haikuwa na freti, na ubao aliupaka epoksi ya mashua ili waya mkali wa nyuzi zake usiule. Albamu yake ya 1976 iliwafanya wapiga besi wa dunia nzima kuyatazama magitaa yao kwa chuki. Nyuzi sita zina njia yake nyingine: Anthony Jackson ndiye aliyemwomba fundi Carl Thompson amjengee gitaa la namna hiyo, likakamilika mwaka 1975, kuanzia B ya chini hadi C ya juu, mpangilio uleule wa hili lililo mapajani mwangu. Njia hizo mbili zilikutana mikononi mwa watu kama Alain Caron wa Canada na Steve Bailey wa Marekani. Ukitaka kujua kwamba nyuzi sita bila freti zinawezekana kwa usafi wote, wasikilize hao.

Lakini sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Lile besi linalotembea ndani ya Graceland ya Paul Simon, albamu ya 1986, ni la Bakithi Kumalo wa Soweto, na ni besi lisilo na freti. Kile kipande chake kifupi katika You Can Call Me Al ambacho kila mpiga besi amejaribu kukiiga na kushindwa? Nusu yake aliipiga, nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyochezwa kinyumenyume kwenye tepu. Kwa hiyo usijilaumu.

Na karibu zaidi, Unguja. Taarabu ya Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na ya Culture Musical Club imejengwa juu ya vyombo visivyo na freti: udi, fidla, besi kubwa la kusimama. Katika maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rast kuna noti zinazokaa katikati ya funguo za kinanda. Gitaa lenye freti haliwezi kuzifikia ila kwa kuvuta uzi kwa nguvu. Nililiweka SRF706 chini ya rekodi ya taarabu ya zamani, nikaifuata fidla taratibu kwenye uzi wa C, na ile noti ya tatu ya rast, ambayo si ya furaha wala si ya huzuni, ilikuwepo pale pale chini ya kidole. Piezo ikiwa imefunguliwa yote! Sijawahi kusikia gitaa la umeme likikaa vizuri namna hiyo kando ya udi. Kama kuna kijana pale chuo cha muziki cha Unguja, Dhow Countries Music Academy, anayetafuta sababu ya kununua gitaa la ajabu, sababu ndiyo hiyo.

Nipite haraka kwenye mambo ya sura: mwili mwembamba wa mtindo wa SR, haukuchomi mbavu, ukikaa au ukisimama. Shingo ni pana, hakuna namna, nyuzi ni sita. Mwenye vidole vifupi ajaribu la nyuzi tano, SRF705, kabla hajakata tamaa. Kazi kubwa si ya mkono wa kushoto hata hivyo. Ni ya mkono wa kulia kuzinyamazisha nyuzi ambazo hupigi, maana nyuzi sita zinapenda kuitikiana. Dole gumba lisikae sehemu moja. Litembee, lilalie nyuzi nene unapopiga nyembamba.

Kuhusu ubao, hapa wapenzi wa kweli hugombana. Ubao laini huliwa na nyuzi za waya wa mviringo, unachimbika vijimfereji. Ndiyo maana wengine hupaka epoksi, wengine hutafuta mbao ngumu kama eboni ya Cameroon. Na mpingo wetu, ule wa Kilwa na Lindi, mzito hadi unazama majini, mti unaokwenda Ulaya kuwa klarineti, ni mgumu kuliko karibu zote, na mafundi wachache wa nje huutumia kwa ubao wa shingo za magitaa. Nikiota, naota SRF706 lenye ubao wa mpingo wa Kilwa. Hili la rafiki yangu limefungwa nyuzi bapa, zilizosuguliwa laini, kwa hiyo ubao uko salama na vidole havipigi kelele za kukwaruza. Unapoteza ukali kidogo, lakini piezo inaurudisha.

Ukienda dukani, au kwa mtu anayeuza lake, kuna mtego mmoja wa kuuangalia mapema: vile vidoti vya pembeni mwa shingo. Kwenye magitaa mengine yasiyo na freti vidoti viko pale hasa noti ilipo. Kwenye mengine vimebaki katikati ya nafasi, kama kwenye gitaa lenye freti, na ukivifuata utapiga kila kitu nje ya ufunguo jioni nzima. Kumbuka pia kwamba kidole hapa kinakaa juu ya mahali freti ingekuwa, si nyuma yake. Na usione haya kuchagua gitaa lenye mistari iliyochorwa ubaoni. Wanaoicheka mistari hiyo mara nyingi ni haohao wanaopiga nje.

Bei? Jipya, kwenye maduka ya nje, linapita dola 1,000 za Marekani, kabla hujalipa usafiri na ushuru. Si hela ya mchezo. Kama una nafasi ya gitaa moja tu na kila Jumamosi unapiga harusi, usinunue hili. Nunua la nyuzi tano lenye freti, ule mshahara wako kwa amani. Kama unaanza na hujui bado kama sikio lako linavumilia kuishi bila freti, Squier wanatengeneza Jazz Bass ya nyuzi nne isiyo na freti kwa bei ya chini zaidi. Jifunze nayo.

Lakini kama freti unazijua, gitaa la kazi unalo, na kuna sauti unaisikia kichwani ambayo gitaa lako halitaki kuitoa, basi la nyuzi sita, tena hili. Nenda kulijaribu na tyuna mfukoni na amplifaya unayoijua. Anza na uzi wa B, kwa mkono mwepesi, usikilize kama unaunguruma au unapwaya. Kisha panda taratibu hadi C, zima tyuna, fumba macho, piga wimbo unaoujua tangu utotoni. Ukiupata, uliza bei. Mimi rafiki yangu nimeshamuuliza yake, na hadi sasa amekataa kuitaja.