Sifa ya Mtu Aliyejificha Mbele ya Watu

Mwigizaji aweza kuitafuta heshima kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kuwa yeye yule katika kila mchezo, akibadilisha majina na mavazi tu, hata watu wakaja kumwona yeye zaidi ya kuja kuuona mchezo. Na hiyo ni njia ya halali, wala si nyepesi, maana si kila uso unaostahimili kutazamwa miaka arobaini bila ya kuchosha. Ya pili ni kujiondoa mwenyewe ili mtu mwingine, ambaye hakuumbwa ila kwa wino, apate mahali pa kusimama. Njia hii ina adha yake: anayeifuata kwa uaminifu huweza kuwaliza watu usiku, na asubuhi akapita katikati yao asitambuliwe na yeyote. Alec Guinness, Mwingereza aliyezaliwa London tarehe 2 Aprili 1914 na kufariki tarehe 5 Agosti 2000, aliishika njia hii ya pili kwa miaka sitini na zaidi, na nia ya insha hii ni kuusifu ustadi wake, ambao ulizidi kukua kadiri vyombo vyake vilivyozidi kupungua.

Hakuzaliwa katika nyumba ya fahari. Katika cheti chake cha kuzaliwa mahali pa jina la baba paliachwa wazi, na mtu ambaye baadaye aliweza kuwa yeyote alianza maisha asijue kwa yakini alikuwa wa nani. Sisemi kuwa upungufu huo ndio uliozaa kipaji, kwa sababu waliokosa baba ni wengi ilhali waigizaji mahodari ni haba. Nasema tu kwamba mtoto asiye na ukoo wa kujivunia huwahi kujifunza kuwatazama wengine. Alipokuwa kijana alipata riziki kwa kuandika matangazo ya biashara, huku moyo wake uko jukwaani. Martita Hunt, mwigizaji aliyemwendea awe mwalimu wake, alimwambia waziwazi kuwa kazi ile si yake. Neno hilo halikumrudisha nyuma. Aliingia chuo cha Fay Compton, akamvutia John Gielgud, bingwa wa jukwaa la Kiingereza wa zama zile, ambaye mwaka 1934 alimpa nafasi ya Osric katika Hamlet. Na mwaka 1939, Guinness alipotunga mchezo kutokana na Great Expectations, kitabu cha Charles Dickens, yule yule Martita Hunt aliyemkatia tamaa ndiye aliyecheza Miss Havisham. Ni wanafunzi wachache wanaojaliwa kumjibu mwalimu kwa adabu kama hiyo.

Vita vilimchukua baharini, akawa ofisa katika jeshi la maji, na mwaka 1943 aliongoza chombo cha kushushia askari pwani katika uvamizi wa Sicily. Aliporudi, alicheza Mpumbavu katika King Lear ya mwaka 1946, Laurence Olivier akiwa ndiye mfalme. Na ingawa Olivier alikuwa mtu wa kuijaza nyumba kwa sauti, wengi waliotazama walitoka wakimtaja na yule mtumishi wa maneno machache aliyekaa miguuni pake. Wakati huo huo David Lean, mwongozaji wa filamu aliyekuwa ameuona mchezo ule wa Dickens kabla ya vita, alimwita katika sinema. Kamera iligundua jambo ambalo viti vya nyuma vya ukumbi vilikuwa vikilikosa: kwamba mtu huyu aliweza kubadili nia yake yote kwa kope za macho.

Hata hivyo hakuanza kwa uchache. Alianza, kama waanzavyo mafundi wengi, kwa kuonyesha kila alichonacho. Katika Kind Hearts and Coronets ya mwaka 1949, iliyotengenezwa katika studio za Ealing, aliwacheza watu wanane wa jamaa moja ya D'Ascoyne, wakiwamo kasisi mzee, jemadari, amirali na mama mmoja mtetezi wa haki za wanawake, na kila mmoja akafa kwa zamu yake huku watazamaji wakicheka. Wengi huusifu wingi ule wa sura, nami siukatai. Lakini kilicho cha ajabu zaidi ni kwamba wote wanane wanafanana kwa kiburi chao, na kila mmoja anacho kwa namna yake, jambo lisiloweza kutendwa na nywele za bandia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amecheza Fagin katika Oliver Twist, na hapo ndipo ulipodhihirika ubaya wa sura ya kubandika. Pua ile kubwa aliyotiwa ili afanane na michoro ya kitabu cha kale ilikuwa masihara mazito kwa Mayahudi, ambao miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kumalizika kwa maangamizi yao. Huko Berlin, mwaka 1949, watu waliipinga filamu hiyo kwa ghasia, na Marekani haikuonyeshwa mpaka mwaka 1951, tena baada ya kukatwa baadhi ya sehemu zake. Anayemsifu Guinness hana budi kulisema jambo hili, pamoja na kwamba miaka mingi baadaye, mwaka 1984, alipakwa rangi tena akawa Godbole, mwalimu wa Kihindu, katika A Passage to India, ilhali India ilikuwa na waigizaji wake wakubwa. Mtu aweza kujiondoa nafsini mwake kwa unyenyekevu, na bado akakalia kiti cha mwenye haki nacho.

Walakini alijua kujifunza. Mwaka 1954, alipokuwa Burgundy, Ufaransa, akiigiza kasisi katika filamu ya Father Brown, alikuwa akitembea jioni na kanzu yake ya mchezo, mara mtoto asiyemjua akamshika mkono, akafuatana naye akizungumza kwa furaha, akidhani ni kasisi wa kweli. Guinness alinyamaza, akichelea kuwa Kifaransa chake kibovu kingemtisha mtoto. Miaka miwili baadaye aliingia katika Kanisa Katoliki, na mwenyewe alipoandika kumbukumbu zake alilihesabu tukio hilo miongoni mwa yale yaliyomgeuza moyo.

Katika miaka ile ile mwanawe Matthew alipooza kwa ugonjwa wa polio, kisha kwa rehema za Mungu akapona, akajifunza upya kutembea. Baba yake alimtazama. Ndipo mwaka 1957, katika The Bridge on the River Kwai, iliyopigwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, Guinness alipokuwa Kanali Nicholson, mateka wa Wajapani anayetolewa katika kibanda cha bati alimofungiwa juani, akaamrishwa kwenda mbele ya adui yake bila ya kuegemea mtu, mwendo alioutumia ulikuwa mwendo wa mtoto yule: miguu isiyotii, na kiwiliwili kinachokataa kuona aibu. Humo hamna neno hata moja la kueleza ushujaa. Alizozana sana na Lean, aliyeiongoza filamu hiyo, juu ya Nicholson ni mtu wa namna gani, na ugomvi ule haukupotea bure, kwa maana kanali aliyetokea ni mtukufu na mpumbavu kwa pamoja, ajengaye daraja la adui kwa fahari hata akasahau vita. Filamu ilipata tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ni yake.

Si kila mlango ulimfungukia. Hamlet aliyoiongoza na kuicheza mwenyewe mwaka 1951 ilianguka, na Macbeth ya mwaka 1966 haikupata heri zaidi. Michezo hiyo inamtaka mwigizaji aipasue nafsi yake hadharani, naye hilo hakulipenda. Kinyume chake, mchezo uliomtaka kidogo kupita yote, ule wa mzee Obi-Wan Kenobi katika Star Wars ya mwaka 1977, ndio uliomletea mali na umaarufu wa dunia nzima, umaarufu uliomchosha mpaka mwisho wa umri wake.

Kilele chake, kwa rai yangu, kilikuja mwaka 1979, katika Tinker Tailor Soldier Spy, hadithi ya John le Carré iliyoonyeshwa na BBC kwa sehemu saba. George Smiley ni jasusi aliyestaafishwa, anayerudishwa kwa siri amtafute msaliti miongoni mwa wenzake wa zamani. Ili ajiandae, Guinness alimwomba le Carré amkutanishe na jasusi wa kweli, akala mezani pamoja na Maurice Oldfield, aliyepata kuwa mkuu wa ujasusi wa Uingereza, akimtazama anavyovaa, anavyoshika bilauri, anavyoondoka na mwavuli wake. Kisha karibu yote hayo aliyaacha. Alibakiza miwani, koti na kusikiliza. Wengine husema, hujitetea, hujisifu, hujikwaa. Smiley hungoja, na katika kungoja kwake tunaziona huzuni ya ndoa yake, akili yake na hasira yake, bila ya kuonyeshwa hata mojawapo. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Le Carré mwenyewe alikiri kuwa baada ya hapo alishindwa kumwandika Smiley bila ya kuisikia sauti ya Guinness, na huo ni ushindi wa nadra, mwigizaji kumrithi mtunzi angali hai.

Basi ikiwa liko la kujifunza katika umri huu mrefu wa kazi, ni kwamba uchache si umaskini, bali ni mali iliyowekwa kwa hesabu. Aliyeweza kuwa watu wanane alikuja kutosheka na miwani moja kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa wale wanane. Kijana asiye na ujuzi akiiga utulivu ule ataonekana amesimama tu, kwani kujizuia kunahitaji kuwapo cha kuzuiwa. Na mtazamaji naye hupewa heshima asiyoipata kwa mwigizaji mpiga kelele: anaachiwa sehemu ya kazi aitende mwenyewe, aisome nia katika uso usiosema, aamue ni nani mkweli na ni nani mwongo. Guinness aliwaamini watu kuwa wana macho, naye aliwatumikia kwa kadiri ya imani hiyo.