Neno la Futi Moja na Nusu

Katika Kiingereza liko neno sesquipedalian, ambalo hata Waingereza wengi hawalijui. Kamusi hulifasiri kuwa "lenye silabi nyingi" au "mpenda maneno marefu". Fasiri hiyo ni sahihi lakini imepungukiwa, na upungufu wake wamhusu kila ahakikiye fasihi.

Tulichambue neno lenyewe. Semis katika Kilatini ni nusu. -Que ni "na", nayo hugandishwa mwishoni mwa neno kama -je yetu ya kuulizia. Kutokana na viwili hivyo likapatikana sesqui, yaani moja na nusu. Pes, ambalo shina lake ni ped-, ni mguu, na pia ni kipimo cha futi. Hapo kwanza lilikuwa neno la mafundi: Julius Caesar alilitumia kuelezea unene wa nguzo za daraja alilolijenga juu ya mto Rhine mwaka 55 K.K.

Aliyelihamisha kutoka kwenye magogo hadi kwenye maneno ni mshairi Horace (65–8 K.K.), katika utungo wake Ars Poetica, Waingereza wakalichukua katika karne ya 17. Lakini Horace hakuyalaani maneno marefu popote yalipo. Alikuwa akiwazungumzia wahusika wawili wa tanzia, Telephus na Peleus. Wakiwa mafukara na wahamishwa, asema, hawana budi kuyatupa maneno ya futi na nusu iwapo wataka uchungu wao uuguse moyo wa mtazamaji. Telephus wa Euripides, katika tamthilia iliyochezwa Athens mwaka 438 K.K., alitokea jukwaani amevaa matambara ya mwombaji. Maneno ya kifalme yangemvua matambara hayo mbele ya watu.

Basi kipimo cha Horace ni hali ya msemaji. Kamusi zimeihifadhi rula, zikamtupa mwenye huzuni, na kwa rula hiyo Kiswahili kizima kina hatia! Mfiwa akisema "hatujamwombolezea" ametamka silabi nane, wala hapana atakayemdhania kwamba ajigamba. Lakini mtunzi wetu akimsimamisha jukwaani mama aliyefiliwa na mwanawe, kisha akamtamkisha "ukengeushi", neno hilo, ijapokuwa lina silabi tano tu, kinywani mwa mama yule ni gogo la daraja.