Keki ya Brandi Mfukoni mwa Mwanaskii

Mwaka 2017, wahifadhi wa Antarctic Heritage Trust walitangaza kwamba wamekuta kopo lililoliwa na kutu katika kibanda cha Cape Adare, Antaktika. Ndani yake mlikuwa na keki ya matunda ya Huntley & Palmers, ingali imefungwa kwenye karatasi yake. Inaaminika ilifika huko na msafara wa Kapteni Scott wa 1910 hadi 1913. Kopo lilikuwa limechakaa vibaya, lakini keki ilikuwa nzima na harufu yake karibu iwe ya kulika.

Kudumu huko hakutokani na baridi peke yake, na anayejinoa kwa mbio ndefu za skii anafaa kuielewa keki hii kiungo kwa kiungo. Wapishi wa Uingereza huchukua siagi gramu 225, sukari ya kahawia kiasi hichohicho, unga wa ngano kiasi hichohicho, mayai manne, na zabibu kavu na matunda mengine makavu karibu gramu 900. Matunda hulowekwa kwenye brandi usiku kucha. Keki huokwa kwa nyuzi 140 za Selsiasi, saa nne au zaidi.

Tazama uzito wa matunda: ni karibu nusu ya keki nzima, na humo ndimo nguvu ilimo. Kwa hesabu yangu, kipande cha gramu 80 kina wanga wa gramu 45 hivi. Mwanamichezo wa mazoezi marefu hushauriwa kula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kwa hiyo kipande kimoja kwa saa kinatosha. Tena sukari ya zabibu ni glukosi na fruktosi kwa viwango vinavyokaribiana, na utumbo huzipitisha kwa njia mbili tofauti, hivyo moja haiizibii nyingine njia.

Sukari hiyohiyo huyashika maji, bakteria na kuvu wakakosa ya kuwatosha. Pia huteremsha kiwango cha kuganda, ndiyo maana kwenye theluji matunda hubaki laini wakati siagi inayoyazunguka imeshakuwa ngumu. Kipande kikae kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, kikiwa kimeshakatwa na kufungwa, maana vidole vyenye glavu havikati keki.

Na brandi? Hapa wengi hukosea. Wanadhani inapasha mwili joto. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi. Mtu huhisi joto huku mwili ukilipoteza, na ini nalo hupunguza kutengeneza glukosi. Brandi ya kulowekea karibu yote huruka katika saa zile nne za tanuri. Inayobaki ni ile inayonyunyizwa baada ya kuoka, vijiko viwili vikubwa kila wiki, kwenye matundu yaliyotobolewa kwa kijiti. Wiki nne za kunyunyiza huacha gramu moja na nusu hivi ya kileo katika kipande, chini ya robo ya yuniti moja ya Uingereza, yenye gramu 8. Kazi yake ni kulinda uso wa keki dhidi ya kuvu na kuikoleza ladha kadiri inavyokaa. Asiyetumia kileo aloweke matunda kwenye chai ya rangi iliyokolea, kama watu wa Wales wanavyofanya kwa mkate wao wa bara brith. Nguvu ya kumwendesha haitapungua. Ila aioke karibu na siku za kuila.

Mimi naipendekeza keki hii kwa safari za polepole za saa tatu au nne tu. Mafuta na nyuzinyuzi huchelewesha tumbo, na mwendo ukipanda tumbo hulalamika. Kwenye Vasaloppet ya Sweden, mbio za kilomita 90, vituo vya njiani hugawa supu ya bluberi yenye joto: tamu, majimaji, isiyohitaji kutafunwa. Kwa mwendo wa mashindano, hiyo ndiyo inayofaa.