Usiutazame Mpira

Nilipomaliza kuangalia Challengers (2024) ya Luca Guadagnino, nilirudi kwenye Strangers on a Train (1951) ya Hitchcock. Jukwaani vichwa vinageuka kushoto, kulia, vikifuata mpira. Kimoja tu hakigeuki: Bruno, aliyemuua mke wa Guy bila kutumwa, amemkazia macho Guy. Mwili ulinisisimka.

Ndiyo maana tenisi inafaa kwa filamu: watu wawili, wavu katikati, hakuna pa kujificha. Guadagnino analijua hilo. Zendaya kaketi usawa wa wavu, anawasoma wanaume wake wawili, wala si pointi. Ila kamera inapogeuzwa kuwa mpira, mbwembwe zinazidi. Mimi nikawapoteza watu. Mpira ni kisingizio tu, jamani. Tunachokifuata ni macho.