Siri ya nani? Kusoma matangazo ya jeshi tukiwa Masisi na Walikale



Kuna sentensi inayorudi kila tunapozungumza juu ya vita vya kwetu: "Mambo ya jeshi ni siri, hayaulizwi." Wanaisema watu wa kila upande, na wengi wao ni watu waliosoma. Leo nataka kuikosoa sentensi hiyo. Nitafanya tu kile tulichofundishwa chuoni: kuchukua maandishi, kuyasoma pole pole, na kuuliza yanasema nini na yanaficha nini. Maandishi yenyewe ni matangazo ambayo serikali zimetoa, au zimekataa kutoa, zilipotuma askari wao Masisi na Walikale.

Kwanza tutende haki. Kuna siri ambayo ni lazima. Askari anayetumwa kwenda kupigana nchi ya watu hana ruhusa ya kumwambia hata mke wake siku ya kuondoka, njia watakayopita wala silaha wanazobeba. Na ni sawa. Mwezi wa pili 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imebeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Nyambizi ya Wajapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives, wakafa karibu watu 1,300. Mtu akikumbuka hilo hahitaji kuelezwa kwa nini safari za askari zinafichwa.

Lakini siri ya namna hiyo ina mwisho. Meli ikishafika, au ikishazama, tarehe ya safari haimsaidii tena adui, na watu wanaweza kuambiwa nani alikwenda wapi. Pale Bukavu tuna Kambi Saio. Jina lile limetoka Saio ya Abisinia, ambako Force Publique iliwashinda Waitaliano mwaka 1941. Babu zetu hawakuulizwa kama wanataka kwenda, na mkoloni hakuwa mtu wa kumpa askari mweusi maelezo. Hata hivyo leo mtoto wa Bukavu anaweza kujua walikwenda wapi na walifanya nini.

Sasa tuje kwetu.

Tangazo lililo bora kati ya yote niliyosoma ni la Afrika Kusini. Tarehe 12 mwezi wa pili 2024, ofisi ya Rais Ramaphosa ilitangaza kwamba askari 2,900 wanatumwa Kongo ndani ya kikosi cha SADC, kuanzia tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2023 kwa mwaka mmoja, na gharama ni zaidi ya randi bilioni 2. Uwazi huo haukutoka kwenye wema wa mtu. Katiba yao, kifungu cha 201, inamlazimisha rais aliambie bunge mambo manne bila kukawia: sababu ya kutuma jeshi, mahali linapokwenda, idadi ya watu, na muda. Njia ya msafara haimo. Silaha hazimo. Sheria imechora mpaka kati ya kile adui hapaswi kujua na kile mwananchi hapaswi kunyimwa.

Lakini hata tangazo hili lina kasoro, nayo iko kwenye tarehe zake. Linazungumzia kazi iliyoanza karibu miezi miwili nyuma. Siku mbili tu baada ya kutolewa, bomu la mzinga liliangukia kambi yao upande wa Sake na kuua askari wawili. Yaani familia nyingi zilikuwa bado zinazoea habari kwamba watoto wao wako Kongo, na tayari maiti zimepatikana. Kuchelewa nako ni namna ya kuficha.

Kenya nayo ilifanya hadharani. Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2022 Rais Ruto alikabidhi bendera kwa kikosi kinachokuja Goma, kamera zote zikiwepo. Wiki moja baadaye bunge likaidhinisha askari zaidi ya 900. Mkosoaji ataona hapo kwamba bendera ilitangulia kura, na kura iliyotanguliwa na bendera si rahisi kuikataa. Bado nasema: bajeti ilijadiliwa na idadi ilitajwa. Kutaja idadi hakukumfungulia adui mlango wowote.

Linganisha na Burundi. Mwezi wa tatu 2023 askari wa Burundi waliingia Masisi wakiwa na alama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakapangwa upande wa Sake, Kilolirwe, Kitchanga na Mweso. Hao walijulikana. Lakini kabla mwaka haujaisha, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika kwamba kulikuwa na Warundi wengine, waliokuja kwa mapatano kati ya Bujumbura na Kinshasa, wakiwa wamevaa sare za FARDC. Serikali yao ilikuwa inakana. Basi mkaaji wa Mweso alikuwa na askari wa aina mbili kutoka nchi moja: mmoja kaja kusimama katikati, mwingine kaja kupigana. Sare tofauti, lugha ileile. M23 wakaanza kuwashutumu wale wa Jumuiya kwamba wanapendelea upande mmoja. Siri ya kundi moja ilichafua jina la kundi lingine, lililokuwa pale kwa mamlaka inayojulikana.

Na askari wenyewe? Mwaka 2024 mahakama ya kijeshi huko Burundi iliwahukumu wanajeshi zaidi ya 200 vifungo vya miaka mingi kwa kukataa kupigana Kongo. Tusome vizuri hapo. Mtu anaadhibiwa kwa kukataa kwenda mahali ambapo, kwa maneno ya wakubwa wake wa mwaka uliotangulia, hakuna aliyekuwa anatumwa kwa njia hiyo.

Rwanda wao wamechagua neno. Jopo lilelile la Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya katikati ya 2024, lilikadiria askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 huku kwetu, Masisi ikiwemo. Kigali haikusema askari. Ilisema "hatua za kujihami". Mwezi wa pili 2025, CNN ilipomuuliza Rais Kagame kama askari wake wako Kongo, alijibu kwamba hajui. Mimi kama msomaji nabaki kwenye lile neno "hatua". Hatua haina mama. Hatua ikifa hairudishwi nyumbani kwa jeneza, wala haiwezi kushtakiwa kwa nyumba iliyochomwa. Na neno hilo limefaulu: mapatano ya Washington ya tarehe 27 mwezi wa sita 2025 nayo yanazungumzia kuondoa hatua za kujihami. Neno lililobuniwa kuficha watu limeingia mpaka kwenye karatasi ya amani.

Wenzangu wa Kinshasa msicheke mapema. Sisi pia tulikuwa na wazungu waliozunguka Goma na Sake na bunduki, na wakubwa wetu walituambia ni wakufunzi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipoanguka, karibu Waromania 300 walivuka mpaka kuingia Rwanda mbele ya kamera. Raia wa Kongo alijifunza idadi yao siku wanaondoka, na aliyemwonyesha ni adui. Bunge letu lilipaswa kumwambia mapema, kwa sababu pesa zilizowalipa ni za kwetu.

Njo maana nauliza: siri hii inafichwa nani? Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ni sisi. Mama anayeuza maandazi Sake anajua askari anatoka nchi gani kabla hajamaliza kuhesabu chenji, kwa namna anavyotamka namba. Mchimbaji wa Rubaya anajua nani anasimamia barabara. Adui anajua pia, maana anarushiana nao mabomu. Anayebaki gizani ni mzazi aliyeko Gitega, Musanze au Zomba, pamoja na mbunge wake anayepitisha bajeti. Siri ambayo adui anaijua na mzazi haijui si siri ya kivita tena.

Gharama ya giza hilo tunaibeba sisi wa huku. Askari akikosa heshima kijijini, akichukua mbuzi au msichana, mlalamikaji anakwenda kwa nani? Kama amevaa sare ya jeshi lisilo lake, ni mahakama gani itamwita? Kama serikali yake inasema hayupo, kosa lake nalo halipo. Walikale wanalijua hili vizuri. Tarehe 19 mwezi wa tatu 2025 M23 waliingia Walikale-centre. Siku tatu baadaye walitangaza kwamba wanatoa askari wao pale. Watu waliokimbilia msituni walisikia habari hiyo, lakini tangazo halikuwaambia siku gani na wanarudi nyuma mpaka wapi. Waliondoka kweli mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kwa mtu mwenye watoto chini ya miti wakati wa mvua, hizo ni siku nyingi sana.

Na gharama nyingine ni ya wafu. Askari 14 wa Afrika Kusini waliokufa katika mapigano ya Sake na Goma mwezi wa kwanza 2025 walirudishwa kwao tarehe 13 mwezi wa pili. Ndugu zao walisubiri zaidi ya wiki mbili, na kusubiri kule kuliuma. Lakini majina yao yalisomwa, na taifa zima lilijua wamefia wapi. Tanzania na Malawi nazo zilitangaza waliokufa. Aliyekufa Masisi akiwa amevaa sare isiyo ya kwao, mjane wake atakwenda kudai haki zake akiwa na karatasi gani?

Najua jibu la rafiki zangu wengine: ukifungua mlango kidogo, kila kitu kitatoka, siku hizi simu ziko kila mahali. Hoja hiyo ina uzito, na hapo lawama inatugeukia sisi wenyewe. Wako kati yetu wanaosambaza video ya malori ya askari yakipanda kwenda Mushaki, dakika chache baada ya kupita, pamoja na jina la kijiji. Huo si uandishi wala uzalendo. Unaweza kuua watu walioko kwenye yale malori, na wanakijiji walioko kando ya barabara. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, ukimuuliza mapatano ya kuleta jeshi la kigeni yako wapi na nani aliyapigia kura, atakwambia mambo ya jeshi ni siri. Amegeuza mambo juu chini: anachotakiwa kunyamazia anakirusha, na anachotakiwa kuuliza anakinyamazia.

Pendekezo langu ni dogo. Tangazo lolote la kutuma askari likitufikia, la serikali yetu au la jirani, tulipime kwa yale mambo manne: kwa nini, wapi, wangapi, kwa muda gani. Tuongeze la tano ambalo ni la kwetu tunaokaa kwenye uwanja wa vita: raia akidhulumiwa, analalamika kwa nani? Saa ya kuondoka, njia na silaha tuwaachie makamanda. Hizo ni zao na tusizitafute. Tangazo lisilojibu hata moja kati ya hayo matano tusilisambaze kama habari. Tulirudishe kwa aliyeliandika, tukiwa na maswali yetu, kwa jina la watu wa Masisi na Walikale ambao majibu wameshayaona kwa macho yao.