Nani Analipa? Maoni Kuhusu Riwaya za Fantasia za Vijana

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, huenda umewahi kuliona jambo hili. Mwanafunzi ambaye riwaya teule huimaliza kwa kusukumwa anaonekana ameinamia kitabu kinene cha Kiingereza chini ya dawati, chenye picha ya joka jaladani. Mimi nimewahi kunyang'anya vitabu vya aina hiyo. Sababu niliyoitoa ilikuwa kwamba vinapoteza wakati na havitahiniwi.

Kilichonibadilisha ni insha. Nilikuwa nimewapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika tahakiki ya kitabu wakipendacho, kiwe cha lugha yoyote, mradi tahakiki yenyewe iwe ya Kiswahili. Msichana mmoja alianza kwa kusema kwamba riwaya yake inamhusu mvulana yatima ambaye ni mchawi na anasomea uchawi katika shule ya wachawi. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "mchawi" na kuandika pambizoni, "Mchawi anawezaje kuwa shujaa?" Kesho yake alinijia na daftari mkononi. "Mwalimu," akasema, "huyu hamlogi mtu. Lakini sikupata neno jingine."

Makala haya ni jaribio la kumjibu msichana yule. Ni maoni ya msomaji mmoja kuhusu waandishi wanne wa fantasia ya vijana, nawe una uhuru wa kuyapinga. Hoja yangu ni moja. Riwaya ya fantasia isipimwe kwa wingi wa maajabu yake, wala isikataliwe kwa sababu ina uchawi. Ipimwe kwa jibu inalotoa kwa swali hili: nguvu za ajabu zinapotumika, nani analipa?

Tatizo la neno

Katika Kiswahili mchawi ni mtu anayewadhuru wenzake kwa siri. Hatuna mchawi mwema. Anayetibu ni mganga, na anayewachezea watazamaji macho anafanya kiinimacho au mazingaombwe. Neno la Kiingereza ambalo Harry Potter huitwa halina uzito huo, kwani kwa Mwingereza huleta taswira ya mzee mwenye ndevu, fimbo na busara. Mwanafunzi wangu alitafsiri neno, na hukumu ikafuata neno.

Nasi tunajua kwamba neno hili si la mzaha. Mnamo Mei 2008 watu kumi na mmoja waliteketezwa kwa moto huko Kisii wakishukiwa kuwa wachawi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, wakati mwingine mvi zikichukuliwa kuwa ushahidi. Mzazi anayeshtuka kusikia mwanawe anasoma "kitabu cha wachawi" hashtuki bure. Hata huko Marekani, riwaya za Harry Potter zilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Jumuiya ya Maktaba ya Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kati ya mwaka wa 2000 na 2009.

Shauri langu ni kwamba mhusika wa aina hii aelezwe kwa matendo yake. Andika "kijana mwenye nguvu za ajabu", kisha uonyeshe anazitumia kufanya nini. Neno "sihiri" linaweza kusaidia, ingawa kwa Waislamu wengi nalo lina doa lake.

J. K. Rowling: uchawi rahisi, deni kubwa

Vitabu saba vya Rowling vilitoka kati ya mwaka wa 1997 na 2007. Nitasema wazi kisichonipendeza. Nguvu zake ni rahisi mno. Mtoto anatamka neno, anapunga kijiti, mwanga unatokea. Hachoki wala hapungukiwi na chochote. Kitabu cha tano nacho, cha mwaka wa 2003, kingepunguzwa theluthi moja bila hasara.

Hata hivyo, chini ya urahisi huo kuna hesabu kali. Harry yu hai kwa sababu mama yake alikubali kufa badala yake. Adui yake, Voldemort, anataka kuishi milele, na njia aliyoichagua ni kuigawa roho yake vipande. Kila kipande hudai mtu mwingine auawe. Mwishoni mwa kitabu cha saba Harry anaingia msituni bila silaha mkononi, tayari kufa ili wengine wapone. Basi ukiuliza nani analipa, umekwisha kumtenga shujaa na mhalifu. Mmoja hulipa mwenyewe, na mwingine hulipisha watu. Wote wawili wana kijiti kimoja na maneno yale yale. Hilo ndilo ningelipaswa kumwonyesha mwanafunzi wangu badala ya kutumia kalamu nyekundu.

Ursula K. Le Guin: kivuli cha kiburi

Ikiwa shule ina fedha za kununua kitabu kimoja tu kati ya hivi, mimi ningenunua A Wizard of Earthsea, kilichotoka mwaka wa 1968. Ni kifupi, lugha yake ni tulivu, na kilitangulia shule ya Rowling kwa takriban miaka thelathini. Mhusika mkuu, Ged, ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont anayepelekwa kusoma katika kisiwa cha Roke. Katika ulimwengu huo kila kiumbe kina jina la kweli, na anayelijua jina hilo ana uwezo juu ya mwenye nalo. Kwa hiyo kusoma kwao ni kujifunza majina, kazi ndefu na ya kuchosha.

Ged ana kipaji na ana kiburi. Akichokozwa na mwenzake Jasper, anajigamba kwamba anaweza kuita roho ya mfu. Anaiita. Pamoja nayo kinachomoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule, mzee Nemmerle, anatumia nguvu zake zote kuliziba pengo lile, kisha anafariki. Tazama hesabu hiyo: kijana ametaka sifa ya usiku mmoja, na mzee amelipa uhai wake. Sehemu kubwa ya riwaya inayobaki ni Ged akijifunza kubeba deni lake. Mwanzoni anakikimbia kivuli, baadaye anakifuata, na mwishowe anakikabili kwa kukiita jina lake mwenyewe.

Jambo jingine ni kwamba Ged ana ngozi ya kahawia, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Le Guin, Mmarekani mweupe aliyefariki mwaka wa 2018, aliwachora hivyo kwa makusudi, na alilalamika kwamba wachora majalada walimfanya Ged mzungu. Swali la nani anaruhusiwa kuwa shujaa huanzia jaladani.

Nnedi Okorafor: ulemavu na kipaji

Okorafor, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi Wanijeria, alichapisha Akata Witch mwaka wa 2011. Sunny, msichana wa miaka kumi na miwili, anaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino, na wenzake shuleni wanamcheka. Anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, ambao nguvu zao mara nyingi hutoka mahali ambapo jamii huona kasoro. Mwenzake Orlu anatatizika kusoma maandishi, na tatizo hilo hilo limefungamana na uwezo wake wa kutegua uganga wa wengine.

Ninachokipenda zaidi ni fedha ya Watu wa Chui, iitwayo chittim. Haichapwi wala haikopwi. Huanguka chini pale mtu anapojifunza jambo jipya, na kadiri somo linavyokuwa gumu ndivyo inavyoongezeka. Mwalimu gani hatatabasamu?

Lakini riwaya hii haina sukari tupu. Mhalifu wake huwateka na kuwaua watoto kwa ajili ya nguvu, na wazee wanawatuma watoto wanne kumkabili. Nikiwa msomaji wa Afrika Mashariki nilipafikia hapo moyo ukinidunda. Katika nchi jirani ya Tanzania watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na waliopokea viungo hivyo walijiita waganga. Mnamo Januari 2015 serikali ya nchi hiyo ilitangaza marufuku dhidi ya waganga wa ramli. Hapa hata mpaka wetu safi kati ya mganga na mchawi unatikisika. Jina zuri halitoshi, na tunarudi kuuliza nani analipa. Okorafor anamchukua mtoto ambaye kwingine angelipishwa kwa mwili wake, anamfanya anayewaokoa wengine. Kwangu mimi hayo ni maudhui mazito kuliko ya riwaya nyingi za uhalisia.

Tomi Adeyemi: neno "maji"

Children of Blood and Bone, cha mwaka wa 2018, kinasimulia habari za Zélie. Mfalme Saran aliwaua wenye nguvu za ajabu, akiwemo mama yake Zélie. Mwandishi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ameeleza kwamba aliandika akiwa na uchungu wa mauaji ya Wamarekani weusi mikononi mwa polisi. Hasira hiyo inakipa kitabu moto. Kinachonikera ni mapenzi ya ghafla kati ya Zélie na mwana wa mfalme. Yanachipuka upesi mno, hata msomaji hayaamini.

Wenye nguvu hizo huitwa "maji". Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, kisha atakumbuka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka wa 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Huko maji yaliaminika kuzuia risasi. Imani iliwaunganisha watu, na waliolipa ni wale walioamini.

Si mgeni kwetu

Wapo wanaosema fantasia ni chakula cha kigeni. Wamesahau ngano za mazimwi tunazozifundisha kila mwaka katika fasihi simulizi. Wamesahau pia Adili na Nduguze, kazi ya Shaaban Robert ya mwaka wa 1952. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anawageuza kuwa manyani na kuamuru wachapwe kila usiku. Anayeshika kiboko ni Adili mwenyewe, huku moyo ukimuuma. Shaaban Robert aliijenga hadithi hii juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela ambamo ndugu hao hugeuzwa mbwa. Mbinu ya majazi inatufichulia tabia za ndugu mapema, lakini fundisho liko katika kiboko: adhabu ya jini inamlipisha hata asiye na hatia.

Hitimisho

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu fantasia, usikomee kwenye sentensi "imetumika kuburudisha". Taja tukio la ajabu, eleza nguvu zimetoka wapi, onyesha nani amelipa, kisha uhusishe malipo hayo na maudhui. Nawe mwalimu, kabla ya kukinyang'anya kitabu, mwombe mwanafunzi akusimulie hesabu yake. Yule msichana nilimrudishia daftari bila kosa lolote pale palipokuwa na mstari mwekundu. Nilimwongezea swali moja tu pambizoni, na jibu lake lilijaza kurasa mbili.

Maswali ya mjadala

1. "Anayefanya mema huweza kuitwa kwa jina baya." Jadili kwa kurejelea mhusika wa kazi yoyote ya fantasia uliyoisoma.

2. Linganisha malipo ya nguvu za ajabu katika ngano moja ya mazimwi na katika Adili na Nduguze.

3. Je, mwandishi wa fantasia anaweza kukosoa jamii yake vyema kuliko mwandishi wa uhalisia? Toa hoja nne.