Sifa za Mhakiki wa Lahajedwali
Katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Buhemba, wilayani Butiama mkoani Mara, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha la kusagia mawe na kwenye zebaki ukabaki na dhahabu kidogo, ni mali yenye mnunuzi, na bei yake hutegemea idadi ya gramu za dhahabu zinazokadiriwa kuwamo katika kila tani. Idadi hiyo huanzia kwenye tanuru. Sampuli ya gramu 50 huyeyushwa pamoja na oksidi ya risasi na boraksi katika joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, risasi huikusanya dhahabu kisha huondolewa, na fedha iliyochanganyika nayo ikishatenganishwa kwa asidi, chembe inayosalia hupimwa kwa mizani nyeti mno. Chembe ikiwa na miligramu 0.125, marudio yana gramu 2.5 kwa tani; lakini ikiwa fomula ya lahajedwali bado inagawa kwa 30, uzito wa sampuli wa utaratibu uliokwisha kuachwa, cheti cha maabara kitasomeka gramu 4.17, ingawa tanuru halikukosea, mizani haikukosea, na mtaalamu alipima kwa uangalifu wote.

Ndiyo maana uhakiki wa lahajedwali, yaani kuthibitisha kwa ushahidi ulioandikwa kwamba jedwali la kompyuta linakokotoa kile hasa lililokusudiwa kukokotoa, unastahili heshima ile ile inayopewa ugezi, kazi ya kulinganisha kifaa cha kupimia na kipimo rejea kinachoaminika. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, ambacho ndicho msingi wa ithibati za maabara za upimaji na ugezi, kinataka ukokotoaji na uhamishaji wa data ukaguliwe ipasavyo na kwa utaratibu. Kiwango hicho hicho kinakubali kwamba programu zinazouzwa madukani, zikitumiwa ndani ya mipaka zilizoundiwa, zinaweza kuhesabiwa kuwa zimekwisha kuhakikiwa, na hapo ndipo wavivu hujificha. Kwani kinachohesabiwa hivyo ni programu yenyewe, wala si fomula ambazo maabara imejiandikia ndani yake.

Hata programu yenyewe haikuwa salama siku zote. Matoleo ya Excel yaliyotangulia lile la 2003 yalikokotoa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani wao, kwa njia iliyopoteza tarakimu pale namba zilipokuwa kubwa na tofauti zake ndogo, hali ambayo maabara ya ugezi wa mawe ya mizani huikuta mara kwa mara. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, hutoa seti za data zenye majibu yaliyokokotolewa kwa usahihi mkubwa ili programu zipimwe kwazo, na mhakiki mzuri huzithamini kama vile fundi mizani anavyolithamini jiwe la rejea.

Lakini umahiri wa mhakiki huonekana zaidi katika kutafuta mitego midogo. Ikichukuliwa kwamba lundo moja la marudio limetoa sampuli nne, tatu zenye gramu 2.4, 1.8 na 0.9 kwa tani, na ya mwisho iliyoandikwa “<0.01” kwa kuwa dhahabu yake ilikuwa chini ya uwezo wa kifaa kuitambua, kompyuta huiona hiyo ya nne kuwa ni maneno, huiruka kimyakimya, na kutoa wastani wa 1.7, ilhali wastani halisi hauzidi 1.28. Hakuna onyo lolote linalotokea, na lundo limepanda thamani kwa theluthi moja kwa sababu tu sampuli yake mbaya kuliko zote imefutika. Mtego wa namna hii haugunduliwi kwa kuitazama fomula, ambayo kwa macho haina kasoro. Hugunduliwa na mtu aliyekusudia kuliingizia jedwali sifuri, nafasi tupu, maneno na namba kubwa kupita kiasi, akiwa amekwisha kupata jibu kwa mkono kabla ya kuwasha kompyuta, maana anayekokotoa baada ya kuona jibu la mashine huvutwa nalo. Uingereza ilipopoteza kwa muda taarifa za wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 mwaka 2020, chanzo kilikuwa muundo wa faili wa zamani usiozidi safu mlalo 65,536, kikomo ambacho jaribio moja la kuzidisha data lingekifichua.

Baada ya majaribio, seli zenye fomula hufungwa, toleo hupewa namba, na badiliko lolote, hata la uzito wa sampuli peke yake, huirudisha kazi mwanzo. Karatasi ya uhakiki, ikiwa na namba zilizoingizwa, majibu yaliyotarajiwa na yaliyopatikana, na sahihi ya mtu asiye mwandishi wa fomula, hukaa katika faili moja na cheti cha ugezi wa mizani, na mnunuzi wa marudio anayeomba kuonyeshwa cheti hicho ana haki ya kuomba na karatasi hiyo.